Mfuko Uliopigwa Bandi

4 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kidonda cha operesheni kimekauka? Mkono bado unavimba ukikaa kwenye cherehani? Mimi mzima, kazi ya hoteli ni mashuka yale yale.

Nina ombi. Daktari wa huku anasema saratani ya titi kama yako wakati mwingine hutokana na jeni mbovu, ambayo mama humrithisha mtoto. Kunipima mimi peke yangu hakutamwambia mengi, lazima waanze na damu yako. Ikiwa jeni yako ni mbovu na mimi ninayo, nitayatoa matiti yote mawili kabla hayajaugua. Na mtoto sizai, nisije nikampa. Mchumba nimeshamwambia.

Nenda ukapimwe, mama.

Kitindamimba wako

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, kidonda kimefunga. Sare za shule zimenizidi, hata pa kuweka mguu hakuna. Yule jirani yetu mwenye mdomo amenunua redio, sasa tuna midomo miwili.

Kuhusu damu, nitakwenda sare zikiisha. Usiniharakishe.

Mama

17 Julai

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Ulipokaa kimya nilidhani umeshapimwa, unanificha. Daktari alitaka tusubiri majibu yako, nikamwambia nimesubiri vya kutosha. Yote mawili yametoka. Yalikuwa mazima.

Usilie. Mimi silii. Kifua kimekufa ganzi. Jana chai ilinimwagikia, nikajua tu nilipoona blauzi imelowa. Na moyoni ni hivyo hivyo. Nimerudi kutandika vitanda. Mchumba anakuja, anakaa, anaondoka.

Sasa usijisumbue tena na kupimwa.

Kitindamimba

2 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Vidonda vyako vinaendeleaje? Unakula?

Barua yako ilinikuta nimetoka kuchukua majibu. Nilichelewa kwenda kwa sababu niliogopa kuambiwa kwamba nimekupa mimi. Sare zilikuwa zimeisha siku nyingi.

Jeni yangu ni nzima. Imenyamazishwa ndani ya ule uvimbe walionitoa tu. Daktari alisema kuna vijialama vya kemikali, methili, vimeigandia na kuifunga isifanye kazi yake ya kuzuia saratani. Sikuelewa. Nikamwonyesha mfuko wa koti lake jipya, bado umepigwa bandi, ule mshono wa muda, mkono hauingii. Nikamuuliza, ni hivi? Akacheka, akasema ndivyo. Mfuko upo, haukuchanika, umeshonwa mdomo tu. Na patani, ile karatasi ya vipimo iliyokatiwa koti, haina kosa. Wewe umetokana na patani hiyo, mwanangu. Hukurithi ugonjwa huu kwangu.

Nilitaka kukuficha. Karatasi ya majibu imekaa chini ya cherehani siku kadhaa, nikishona juu yake. Ningekuficha kweli, kama si lile neno lako la kutozaa. Zaa ukitaka. Mwambie mchumba leo, asiendelee kukaa na kuondoka.

Nimeumia, na sijui nikuombe radhi kwa maneno gani. Jirani ameniuliza mbona siku hizi simjibu. Nimemwambia nina kazi.

Kazi yenyewe ni gauni lako, la buluu. Sketi nimeimaliza. Sehemu ya juu nimekwama, mkasi uko mezani tangu juzi. Vipimo vyako nilikuwa navyo kichwani tangu uvunje ungo, sikuwahi kukuuliza.

Jipime kifua, uniandikie.

Mama