Resti ya Brashi na Swala wa Bwawani

Jumanne, 17 Juni 2025

Asalaam aleikum, daftari langu. U hali gani? Siku nyingi sijakufungua. Natumaini panya wa chini ya cherehani hawajakugusa. Mimi mzima, alhamdulillahi — goti tu, na baridi hii ya Joburg.

Nina habari mbili. Nzuri: Salha wangu anaolewa Jumapili! Nimewaahidi wakwe kuwa chakula cha harusi kitakuwa na nyama ya swala niliyemwinda mwenyewe. Mbaya: Gaston.

Gaston ni jirani yangu hapa La Rochelle, Mkongo wa Kalemie, mlinzi wa geti kule Turffontein. Upinde ni wetu sote wawili, tuliununua kwa ubia. Kosa! Bora ningeshirikiana mswaki na mtu huyu.

Resti imevunjika. Kile kidude kinachobeba mshale kwenye upinde mpaka unapoachia. Mimi nataka ya brashi — duara la nywele ngumu, mshale unakaa katikati, hata ukiinamisha upinde hauchomoki. Yeye anataka ya kuanguka. Kikono kinachopanda ukivuta upote, yaani kamba ya upinde; ukiachia kinalala chini, mshale unapita bila kuguswa. Kwa maneno yake.

Nikamwambia, bwana Gaston, wewe unawinda nyama tu. Mimi natamka Bismillahi, na mshale wangu lazima uchome pa kuua, la sivyo nyama inaingia shaka. Akacheka, pale pale dukani, mbele ya watu.

"Muzee, ile brosse ni ya kupangusa viatu! Weye unaenda kuwinda ao kufagia?"

Hata muuzaji akacheka. Eish.

Nimenunua ya brashi. Naye kanunua ya kuanguka. Upinde mmoja!

Alhamisi, 19 Juni 2025

Jana nilifunga brashi. Nikapiga gunia la matambara uani — mishale yote mahali pamoja, kama vifungo vya shati. Moyo ukatulia.

Leo nimerudi kutoka Bertrams nilikokwenda kuchukua vitambaa vya harusi. Brashi haipo! Gaston kaifungua nikiwa sipo, kafunga yake. Brashi yangu nimeikuta ndani ya boksi la viatu vyake, juu ya kiwi. Makusudi, ili nione.

"Nimekufanyia bien, muzee. Utanishukuru."

Nikamwita mwizi. Akaniita mshona mapazia. Nikashika kola yake, yeye akashika kanzu yangu. Mama Salha akatoka na mwiko: "Baba Salha! Harusi iko mlangoni, mnataka wageni waje kula ngumi?"

Namchukia. Astaghfirullah. Lakini namchukia.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Nimetoka msikitini nikachukua poda ya Mama Salha, nikapaka manyoya ya mshale. Resti ikianguka kwa wakati wake, poda inabaki yote. Nikapiga gunia. Poda imefutika upande mmoja, na kikono cha resti kimekuwa cheupe pe! Maana yake kinachelewa kulala. Kinakwangua manyoya, mshale unapotea njia. Gaston alikata uzi unaokipandisha kwa kukisia urefu tu.

Nimemwonyesha. Eti nimefuta poda kwa kidole changu!

Nataka kurudisha brashi, lakini ufunguo wa skrubu uko mfukoni mwake, naye kaenda zamu. Atanipitia alfajiri. Gari lake, na mwenye shamba la Vaalwater, tunakokwenda kuwinda, anamjua yeye. Nimefungwa mikono. Hasbiyallahu.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Nakuandikia ndani ya bakkie, pikapu ya Gaston, shambani. Umelala juu ya goti langu, nisamehe mwandiko.

Asubuhi nilimwomba tufunge brashi kwanza. Ufunguo? Eti kausahau kazini. Tukakaa ndani ya kibanda cha kuvizia, karibu na bwawa, kama watu wawili waliokosana kwenye benchi la hospitali. Swala dume akaja kunywa. Nikavuta. Bismillahi, Allahu Akbar. Nikaachia — nikaona mkia wa mshale ukitikisika kama samaki! Swala akaruka, akapotelea kwenye matete ya bwawa. Mshale ulimpiga wapi? Sikuona.

Gaston akakimbia mbele. Goti langu lilinichelewesha. Nilipofika ameshamvuta nje ya maji. Amekufa. Mshale mkononi mwa Gaston, umeoshwa safi, hausemi uliingia wapi!

"Moyo, muzee! Moyo kabisa! Unaona resti yangu?"

Nikamuuliza, ulimkuta ameshakufa ndani ya maji? Akasema ndiyo, na nini?

Na nini! Tumefundishwa tangu wadogo: mnyama wa mshale akikutwa amekufa majini, usile. Hujui kilichomuua ni mshale au ni maji. Ila kama jeraha ni la kuua papo hapo, la moyo, hapo shaka inaondoka.

Swala amelala juu ya upande uliopigwa. Nikamwambia Gaston mgeuze nione. "Unaniita muongo? Umugeuze weye mwenyewe!" Kisu kiko mkononi mwake.

Sikumgeuza. Nikaja huku kwenye gari.

Tazama mtego huu. Kama ni moyo, harusi ina nyama, na Gaston atanicheka mpaka nizikwe — resti yake ilikuwa sawa. Kama ni tumbo, basi mimi ndiye niliyesema kweli tangu Jumanne, na kesho wakwe wanakula wali na maharage. Daftari, ni wewe tu wa kuambiwa hili. Kwa ajili ya Salha nimeomba mshale uwe moyoni. Halafu, ili Gaston aaibike, nimejikuta naomba uwe tumboni. Na dua ya pili ndiyo niliyoiomba kwa machozi.

Mama Salha kapiga simu. Masufuria ya kuazima yamefika, nyama je? Nimesema mtandao mbaya, nikakata.

Gaston anagonga bodi ya gari kwa mpini wa kisu. "Muzee! Jua linapanda! Unamwandikia nani barua?"

Wewe. Basi nijibu, nimgeuze au nisimgeuze? Nijibu upesi, tafadhali.