Kina Mama Thelathini

Chake Chake,
14 Machi 2013

Kaka Fahd,

Assalaam alaykum. Mama hajambo, magoti yamepungua kumuuma. Mkeo Shatha naye hajambo, tumbo limeshashuka, karibu atajifungua.

Chuo chetu cha ukunga kimepata ithibati. Bila ya cheti hicho Serikali isingemlipia ada mwanafunzi hata mmoja. Kabla wakaguzi hawajaja, mkuu wa chuo alitupa vitabu vya mafunzo ya wodini tuvijaze. Mimi niliandika kuwa nimezalisha kina mama thelathini. Mkaguzi, bibi mmoja mpole, akaniuliza, "Wote salama?" Nikamjibu, "Wote, Alhamdulillahi."

Kaka, sijazalisha hata mmoja. Nimefanyia mazoezi mtoto wa mpira, basi.

Kwa kitabu kile nimepangiwa wodi ya wazazi, na kuanzia Jumatatu nazalisha mwenyewe. Mama ametangaza mtaa mzima. Shatha kamkataa mkunga wa kwao Kiuyu, anasema wifi yake yupo. Jana kanishika mkono akauweka tumboni. "Huu ndio utakaompokea," akasema. Nikacheka naye.

Nikisema kweli, chuo kitafungwa na wenzangu wote watakosa ada. Kwenye simu siwezi, Mama huwa ubavuni. Barua hii anakuletea Bi Khairat, anasafiri kesho kuja Maskati. Ukishaisoma mpigie mkeo, mwambie lolote, ila asije kwangu.

Hao wengine watakaokuja Jumatatu, sijui niwaandikie waume zao wapi.

Mdogo wako,
Ghania