Baba, Bosco Alilala Hotelini

Baba yangu mpendwa,

Keti kwanza, maana habari hii haifai kusikilizwa mtu akiwa amesimama. Mbwa wako amelala hotelini. Si nje ya hoteli, si bandani. Alilala ndani, chumbani, juu ya mkeka wake mwenyewe, na Mama alikuwa kwenye chumba hicho hicho. Najua unacheka sasa, kile kicheko chako cha kufumba macho na mabega kutikisika bila sauti. Cheka tu, umepewa ruhusa.

Wakumbuka siku uliyomleta? Ulitoka kazini ukiwa umefunga jaketi mpaka shingoni, na jaketi lenyewe lilikuwa linalia. Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi akauliza, "Na huyo atakula nini?" Ukamjibu, "Makombo." Akakwambia mbwa ni wa nje, na asiuone mguu wake ndani ya nyumba hii. Sheria hiyo Bosco aliishika kuliko sisi watoto tulivyozishika zetu.

Tangu tukuzike, alikataa chakula. Akawa anashinda langoni, pua yake chini ya geti, anangoja pikipiki yako. Mama alimpikia ugali wa mifupa kama kawaida, na kesho yake akaumwaga. Mbavu zikaanza kuonekana. Daktari wa mifugo akaja, akampima, akasema hana ugonjwa, ana huzuni. Mama alimtazama yule daktari kama mtu aliyemwambia kuku wake wana mawazo. Lakini yeye mwenyewe, Baba, alikuwa hali. Alikuwa anaonja.

Ndipo binamu Njoroge wa Kalimoni akapiga simu. Anafuga kuku, na wezi wamemsumbua sana. "Nipeeni huyo mbwa," akasema. "Huku atapata kazi, atasahau." Mama akakubali palepale, wakapatana aje kumchukua Jumatatu. Moyo uliniuma. Nilijua akienda Kalimoni katika hali ile atafia huko, na boma letu litabaki bila kiumbe anayetambua nyayo zako.

Nilichoweza kufanya ni kuomba wikendi. Kazini nilikuwa nimesikia habari za nyumba moja ya wageni, kijijini huko nyuma ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, inayopokea watu pamoja na mbwa wao, na ambayo sifa yake kubwa ni chakula. Nikamwambia Mama twende tupumzike, na Bosco tutaenda naye kwa kuwa hakuna wa kumwachia.

Mama alifungasha kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Chupa ya chai, shuka zake mwenyewe, na ugali wa Bosco ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Tulipofika, hata kabla ya salamu kuisha, akauliza, "Banda liko wapi nimfunge?"

Mwenye nyumba ni Mama Hansa, Mhindi aliyezaliwa mjini Thika, na Kikuyu chake wewe mwenyewe ungekionea wivu. Alimwinamia Bosco, akampa mkono aunuse, kisha akamjibu Mama, "Hatuna banda, mum. Hapa mbwa analala na mtu wake."

"Mtu wake amekufa," Mama akasema.

Mama Hansa hakukimbilia kusema pole. Alichukua mfuko wa Mama, akamshika mkono, wakaingia ndani. Bosco akabaki kizingitini. Aliweka mguu mmoja ndani, akaurudisha. Mama akageuka akamwona vile. "Haya ingia, kama ndiyo sheria yao," akamwambia kwa ukali kidogo, na Bosco akaingia ameinamisha kichwa, kama mtu aliyechelewa kanisani.

Sasa chakula, Baba. Sijui nikueleze vipi. Kulikuwa na njahi, yale maharagwe yetu meusi, zilizopikwa mpaka zikalainika kabisa, halafu zikaungwa kwa bizari na dania, ladha ya nyumbani na ladha ya Wahindi kwenye kijiko kimoja. Kulikuwa na mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa na majani ya malenge, uliotiwa samli, na mbuzi aliyepikwa taratibu pamoja na nanasi, nyama ikiachana na mfupa bila kulazimishwa. Mama, ambaye tangu aolewe hajawahi kusifu mukimo wa mwanamke mwingine, alionja, akaweka kijiko chini na kumtaja Mungu polepole, "Ngai." Kisha akala. Akaongeza. Niliogopa hata kumtazama, asije akakumbuka kuacha.

Desturi ya pale ni kwamba mbwa huandaliwa kabla ya watu. Bosco aliletewa bakuli la wali na supu ya mifupa, akanusa, akageuza uso. Mama Hansa akaliondoa, akaleta maini. Akageuza uso tena, ilhali meza ya pili mbwa mnene mweupe alikuwa ameshamaliza na kulamba bakuli. Nikaanza kumwona Njoroge na kamba yake.

"Mbona umekunja uso?" Mama akaniuliza. "Huyu hali kwenye bakuli. Kwani hukujua?"

Sahani yake ilikuwa imebaki na kipande kimoja cha nyama, kizuri, chenye mafuta. Akakichukua, akakusanya gauni lake, akachuchumaa pale sakafuni na magoti yake yale mabovu. Akanyoosha kiganja. "Haya mzee, shika."

Maneno yako, Baba. Hata ule mvuto wako kwenye "mzee." Bosco alimtazama kwa muda, akasogea, akaichukua nyama kwa ncha ya meno, akala. Kisha akalamba kiganja chote, na Mama hakuondoa mkono.

"Kila jioni baba yenu akimaliza kula alikuwa anatokea mlango wa nyuma, nyama ameificha mkononi," akaniambia akiwa bado amechuchumaa. "Alidhani sijui. Tangu afe, mimi sikuweza kuitoa nyama hiyo mahali pake."

"Na ulijua?"

"Ni nani alikuwa anapakua? Ama ulidhani hicho kipande cha zaidi kilikuwa kinajiweka kwa sahani?"

Nimekuandikia kwa sababu ya maneno hayo. Miaka yote tulikuwa tunaona sahani yako ina nyama nyingi kuliko zetu, tukadhani ni heshima ya mwenye boma. Wewe nawe ulikuwa unapenya mlango wa nyuma ukijiona mjanja. Kumbe mkeo alikuwa anaongeza fungu la mbwa asiyemtaka, ili wewe usije ukalala na njaa kwa ajili yake. Na hakukuambia. Alikuachia siri yako uifurahie.

Jumatatu Njoroge alipiga simu kusema yuko njiani. Mama akamwambia atafute mbwa mwingine.

"Si ulisema huyo hali?"

"Anakula."

"Anakula nini?"

"Anakula na mimi."

Baba, sikuwahi kusikia mkiambiana kuwa mnapendana. Nilikua nikiamini kwamba kwa watu wa rika lenu jambo hilo halikuwapo, kwamba mlioana, mkafanya kazi, mkatulea, basi. Sasa nakaa jikoni namtazama Mama kana kwamba namwona kwa mara ya kwanza, na mshangao haujaniisha. Nililelewa katika mapenzi makubwa namna ile na sikuyatambua.

Pumzika vyema. Hapa nyumbani tunaendelea, na jioni Mama anajipakulia nyama zaidi ya anavyoweza kumaliza.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
Nyambura