Safu ya Mbele Ina Wenyewe

Gaik, shoga yangu, nimejifungia chooni hapa ukumbini, nina hasira hizo!

Leo ndiyo onyesho letu la kwanza, na ni mwezi wa mizimu, wafu wanarudi kututembelea. Safu ya mbele nimewaachia marehemu kama kila mwaka. Kiti cha kati nimetandika shali ya marehemu Mwalimu Hong.

Basi Datuk Leong, mfadhili wetu mpya na cheo chake hicho cha Datuk, kaitupa shali chini akakaa. AKAKAA, Gaik! Kiti cha Mwalimu!

Nikamwambia, "Datuk, hapo pana mtu."

Akacheka mbele ya watu. "Mkurugenzi mzima, na tuzo juu, unaogopa mizimu?"

Naogopa? Huyo "mzimu" ndiye aliyenifundisha kazi iliyonipa hiyo tuzo!

Waigizaji wakagoma kuanza. Nikapanda jukwaani nikasema, "Tutaanza wenye viti wakikaa." Ukumbi mzima ukamkodolea macho mpaka akaondoka. Sasa onyesho linaendelea.

Na bodi ya ukumbi, iliyonipa hiyo tuzo, imenipigia: nimwombe radhi, la sivyo niache kazi na tuzo.

Radhi? Mimi?

Tuzo nishaiacha. Iko kwenye kiti cha kati, juu ya shali niliyoitandika upya. Anayeitaka akamwombe Mwalimu.