Nilimweka Fundi Nyuma ya Spika

Jumapili, Agosti 2007
Machakos, ofisini

Wingu limelala juu ya vilima vya Iveti tangu asubuhi. Mvua hainyeshi, jua halitoki, ni baridi tu inayokaa kwenye mifupa. Nimevaa sweta mbili na nimejifungia ofisini siku ya Mungu kwa sababu kompyuta iko hapa na mdosi, mwenye ofisi, yuko kwao.

Kwa wasomaji wangu watatu, na mmoja wao ni mimi: siku za kazi nawachapia watu hati za viapo hapa karibu na mahakama. Jioni najifunza gita. Ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Najua mnachofikiria, na mkifikirie kimyakimya.

Jana niliimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

Watu! Nimewapa neno kubwa.

Ilikuwa ntheo ya mdogo wangu Ndinda. Ntheo ndiyo siku upande wa bwana unaleta mbuzi, na kwetu Wakamba mbuzi hao wakishachinjwa msichana ni mke wa mtu, hata kama kanisa litasubiri hadi Desemba. Wakwe wanatoka Matuu. Walikuja na mbuzi watatu, kreti za soda na wazee wenye sauti za mnada. Mtu wa Matuu akiwa na miembe kumi atakuongelesha habari za maembe mpaka ujisikie unaiva. Aliyewazidi wote ni Mzee Wambua, mjomba wa bwana arusi, ambaye alikuwa na simu mpya na alitaka Ukambani nzima ijue.

Kwa nini nilitaka kuwaimbia watu kama hao? Nitasema ukweli, maana hapa ni kwangu. Miaka sita nimesimama safu ya nyuma kwenye kwaya. Mwaka jana niliomba kuimba peke yangu, ubeti mmoja tu, na mwalimu wa kwaya akaniambia mbele ya wenzangu kwamba sauti yangu ni ya kujazia. Ya kujazia! Tena mwenyewe anaimba kwa pua. Nilirudi nyumbani nikalia, kisha nikatafuta gita. Niliapa kwamba nitaimba peke yangu mahali, watu wanyamaze wanisikie, na nikishindwa nitalitundika gita ukutani na nirudi safu ya nyuma nifunge mdomo.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

Aliyenifundisha ni Fundi Mutiso. Anatengeneza redio kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko, na zamani alikuwa kwenye bendi, akipiga ridhim, lile gita la pili ambalo hakuna anayelisikia mpaka linyamaze. Miezi minane, kila Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini, nimekaa kwenye kigoda chake kati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Hakunifundisha wimbo hata mmoja. Alinifundisha mzunguko mmoja: mishiko mitatu ya nyuzi, unaenda unarudi, na mkono wa kulia usisimame hata nyumba ikiungua. Nilimdharau. Nilidhani ndiyo yote anayojua.

Na alikuwa na wimbo wake mwingine, wa kunichosha: majina. Mnajua bendi zetu. Wimbo ukifika katikati maneno yanakwisha, gita linabaki likizunguka, na mwimbaji anaanza kusalimia watu. Fulani wa mahali fulani, na mama watoto, na mtoto wao aliye Mombasa. Fundi alisema mtu hasikii gita mpaka asikie jina lake. Mimi nikamwambia huko ni kuombaomba kwa nyuzi sita. Alicheka tu, akaendelea kupuliza vumbi kwenye redio ya mtu.

Mimi nilikuwa na kitu changu, bwana. Nilikuwa nimetunga shairi la beti nne, vina vya kati na vya mwisho, mizani nane kwa nane, kumuaga mdogo wangu. Nilitumia wiki tatu. Nilitaka watu wasikie kitu kilichonyooka kwa mara moja maishani mwao.

Fundi alifika mapema na amplifaya aliyoiunda mwenyewe ndani ya kasha la redio kuukuu, inayokula betri ya gari. Alivaa lile koti lake la kahawia lenye harufu ya nyaya zilizoungua, na akala miguuni, vile viatu vya matairi. Akala! Mbele ya wakwe. Nilimwambia akae nyuma ya spika. Nilisema ni kwa ajili ya kuangalia nyaya. Haikuwa kwa ajili ya nyaya.

Kabla watu hawajatulia alizunguka hema lote. Anashika mikono, anauliza habari za nyumbani, anainama kwa akina nyanya, anacheka na wapishi kule kwenye sufuria. Nikasema moyoni, mzee ananusa supu huyu. Nikamwendea mwaitu, mama yangu, nikamwambia amtilie bakuli mapema asije akatuaibisha. Akatiliwa. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kulinywea mahali nilipomweka.

Nikaitwa.

Ubeti wa kwanza sauti yangu ilitetemeka, lakini ilitoka. Wakanitazama. Nikajisemea, haya sasa, mtajua.

Ubeti wa pili wakaanza kuongea. Hawakunong'ona, waliongea wazi. Akina mama wa kwetu wakarudi kwenye habari za nani amenenepa. Vijana wa Matuu wakawa wanabishana kuhusu mbuzi yupi alikuwa mkubwa, ilhali mbuzi wenyewe walikuwa wameshachinjwa. Na katikati ya mstari wangu mzuri kuliko yote, ule uliokula siku nne, simu ya Mzee Wambua ikalia. Mtu mwenye adabu angetoka nje. Yeye alisimama palepale akapaza sauti, "Niko ntheo! Nasema niko ntheo! Hapana, kuna mtu anaimba!"

Kuna mtu anaimba. Ndivyo nilivyotangazwa kwa ulimwengu.

Niliwachukia wote. Nilimchukia Ndinda kwa kuolewa na ukoo huo, nikamchukia mwaitu kwa kuangalia chini. Nikasikia sauti ya Fundi kutoka nyuma ya spika, chini chini, "Taja." Nikajifanya sikusikia. Nikaimba ubeti wa tatu kwa hasira, nikiwaimbia mbuzi.

Ubeti wa nne haukuja.

Ulipotea wote, vina, mizani, kila kitu. Nilifungua mdomo na hamkuwa na kitu. Jambo la ajabu ni kwamba mkono haukusimama. Mkono wa kulia uliendelea na mzunguko ule wa Fundi, unaenda unarudi, kana kwamba mwenye mkono hayupo. Watu wakaanza kugeuka kuniangalia kwa sababu mwimbaji amenyamaza. Jasho lilinitoka na baridi ile yote. Nilimwona Mzee Wambua bado ameshika simu sikioni, na kwa hasira, wala si kwa ufundi, nikasema kwenye maiki, "Mzee Wambua wa Matuu, na simu yake!"

Wee! Hema lilipasuka kwa kicheko. Mzee mwenyewe aliikata simu, akainua kofia, akaanza kucheza kwa mabega. Nikajiambia, kumbe. Nikataja jina la pili: Mama Kioko wa Yatta, na mke wa mwanawe aliyejifungua juzi. Akina mama wakapiga vigelegele. La tatu, la nne, majina yakawa yananijia yenyewe, mfululizo, na kila jina mtu anaruka kutoka kwenye kiti chake. Niliwataja wapishi. Nilimtaja mwenye hema. Nilimtaja nyanya mmoja wa upande wa bwana, mwenye upofu, na jina la kijiji alikozaliwa, akainuliwa na wajukuu wawili akacheza hatua tatu. Mwalimu wa kwaya alikuwepo pia. Nilimtaja, nikaongeza "na pua yake" moyoni tu, nikamwona anapiga makofi kama mtoto.

Nilifurahi. Naandika kwa aibu, maana nimewasema vibaya tangu juu ya ukurasa huu: nilifurahi kweli. Watu wale wale wa bure kabisa.

Nilipomaliza, mwaitu alinishika mkono akasema, "Kumbe." Hilo tu. Katika miaka thelathini na sita sijapewa sifa kubwa zaidi na mama huyo. Mzee Wambua naye akaja na jasho lake, akanitaka nikaimbe kwenye arusi Desemba, huko kwao, mbele ya Matuu yote. "Akili yako, mama! Majina yote hayo umeyaweka wapi?" Halafu akapunguza sauti kidogo, kidogo sana kwa mtu kama yeye. "Lakini huyo mzee wa akala si lazima aje. Sisi tuna spika zetu."

Nikasema, "Sawa."

Fundi alikuwa hatua mbili kutoka hapo, anakunja waya kwenye kiwiko chake.

Alibeba betri yake mwenyewe mpaka barabarani, kisha akarudi kunipa kaseti. Alikuwa amenirekodi kwa redio ndogo iliyokaa mapajani mwake. "Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mkono wa kulia haukusimama." Nikampa asante, ile asante ya mtu anayeangalia pengine, nikarudi kwa watu wangu wapya.

Leo baada ya kanisa nimekuja na kaseti hapa ofisini ili nijisikie vizuri. Nasema kama ilivyo. Nilitaka kujisifu peke yangu, mlango ukiwa umefungwa.

Beti tatu zile ni mbaya. Si kwa sababu watu hawakusikiliza, ni mbaya zenyewe. Ni mtu anawafokea wageni kwa mizani nane. Nikasonga mbele mpaka kwenye majina.

"Mzee Wambua wa Matuu, na simu yake!" Hilo ni langu. Kicheko kinafuata.

Halafu, kabla ya jina la pili, karibu kabisa na redio, kuna sauti ya mzee. Ya chini, haina haraka. "Mama Kioko, wa Yatta. Mke wa mwanawe amejifungua." Na nyuma yake, mbali, kwenye maiki, mimi napiga kelele: Mama Kioko wa Yatta!

Nikarudisha kaseti. Nikasikiliza tena. Kila jina. "Mpishi, yule mwembamba, ni Nthenya." Nthenya! "Nyanya haoni. Kwao ni Kithyoko." Wa Kithyoko! Kila jina alinipa yeye, na mahali, na mtoto, kwa mpango, kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Alipokuwa anazunguka hema asubuhi hakuwa ananusa supu. Alikuwa anaokota majina yangu.

Na mimi nilinunua heshima yetu kwake kwa bakuli la supu.

Ningependa kusema sikumsikia jana. Masikio yangu yalimsikia, la sivyo ningewezaje kuyasema? Lakini nilipoambiwa "akili yako, mama", nilikubali bila hata kupepesa macho. Mzee alikuwa hatua mbili. Ile "sawa" yangu nadhani naye aliisikia.

Kuna kitu kingine mwishoni. Majina yanakwisha. Sauti yake inanyamaza, gita linazunguka peke yake mara nne, tano, na mimi nasubiri bila kujua kwamba nasubiri. Alikuwa na nafasi ya kuniambia jina moja zaidi, lake mwenyewe. Hakulitaja. Nikasema, "Basi, asanteni!" na vigelegele vikafunika kila kitu.

Miezi minane nimekuwa nikimdharau kwa kujua mishiko mitatu tu. Mimi ndiye wa mishiko mitatu.

Basi nimelitoa gita kwenye mfuko. Jengo lote ni tupu, hakuna wa kunicheka. Nimeanza mzunguko, mkono wa kulia ukakaa sawa, nikafungua mdomo nimtaje kama inavyotakiwa, kama alivyonifundisha: jina, kwao, mama watoto, mtoto.

Fundi Mutiso.

Wa wapi? Sijui. Mke wake anaitwa nani? Sijui, wala sijui kama yuko hai. Ana watoto? Amenipa chai kwenye kikombe chake mwenyewe mara sitini na zaidi, na mimi sikuwahi kumuuliza swali hata moja lisilohusu vidole vyangu.

Mzee Wambua nitamwambia kwamba Desemba tunakuja wawili au hatuji, na akitaka akala zivuliwe azivue yeye kwa mikono yake. Hilo ni rahisi, kugombana najua. La kesho ndilo gumu. Kesho si Jumanne wala Alhamisi, na sitabeba gita. Nitapita kwenye kibanda kabla sijafungua ofisi, nikae kwenye kile kigoda, nimuulize kwao ni wapi.