Miburani Nimekupa, Baba Goodness

Kitendawili! Wewe unayesoma, itikia "Tega" kama tulivyofunzwa na wakubwa. Wenzake wote wametoka kwenda kwa wageni, yeye kabaki ndani kashika ukuta, hatoki. Ni nani huyo?

Usijisumbue. Hata mimi niliyetegewa kilinishinda, na mtegaji kaondoka na jibu lake. Sasa niacheni niseme naye mwenyewe.

Baba Goodness, Silvester Ndunguru wangu, mwaka umetimia tangu Jumatano ile ulipoweka spana mezani ukasema kifua kinakubana. Niliingia ndani kukuletea maji. Niliporudi na kikombe, ulikuwa umeshakwenda. Kikombe chenyewe bado nakinywea.

Tulikuja kisiwani Mafia tukitokea Mbinga, wewe kijana wa idara ya maji, mimi na darasa langu la saba na mimba ya Goodness. Tulisema tunakaa miaka miwili. Tumezeekea Kilindoni. Ukipita na baiskeli watoto wanakuita "Bwana Maji", na mtu akikufuata mkono ukiwa kwenye tonge, unanawa unakwenda. Sijakusikia hata siku moja ukimwambia mtu njoo kesho.

Hukuwa mtu wa mahubiri. Dini yako ulikuwa ukiitoa mfukoni pamoja na misumari. Siku moja akina mama wa jumuiya walikuwa uani kwetu wakibishana upendo wa Mungu ukoje, kila mmoja na mstari wake. Wewe ulikuwa umechuchumaa kwenye koki, umetupa mgongo. Ukasema bila kugeuka, "Bomba halina maji yake, jamani. Linapitisha tu. Ukiliziba hapa, mwenye kiu ni wa kule."

Walicheka, wakasema umekosea kazi, ungekuwa katekista. Nami nilicheka. Sikujua kwamba mwenye kuziba angekuja kuwa mimi.

Na ulikuwa unaosha sufuria! Mtaa mzima walilisema hilo. "Getrude kampa mumewe limbwata!" Ukawajibu, "Limbwata lenyewe ni wali wa nazi." Kila Jumapili nikishapakua, hukunipa nafasi niiguse sufuria kwa kisu. "Usilazimishe, Mama Goodness. Kalisha chini, ngoja." Ukaikalisha kwenye mchanga mbichi nyuma ya jiko mpaka ikapoa. Kilichobaki ulikifunga kwenye jani la mgomba, ukakiweka kwenye kikapu cha baiskeli.

"Cha nani hicho?"

"Cha kuku wa Mzee Shaabani."

"Na wewe unakwenda wapi saa hizi?"

"Kutazama bomba la Miburani."

"Bomba gani hilo linaloharibika kila Jumapili?"

"Bovu sana lile, mke wangu," ukasema, ukapanda baiskeli.

Kalamu hii inazunguka kwa sababu inaogopa kufika hapa. Lakini nimeahidi mbele ya msalaba nitaandika.

Miaka minne iliyopita Goodness wetu aliolewa na Luqmani, kijana wa Miburani, hapahapa kisiwani, mkulima wa mwani, akaingia katika dini ya mumewe, akaitwa Arafa. Uliumia. Nilikuona kanisani umepiga magoti mpaka watu wakaisha. Lakini wewe ulipoinuka ulikwenda kumtazama mwanao. Mimi nilimwambia asikanyage kwangu. Nikawaambia akina mama wasiniite tena Mama Goodness, waniite Mama Mathias, jina la mtoto wetu wa pili. Wote wakatii isipokuwa wewe. Uliniita Mama Goodness asubuhi, ukaniita mchana, ukaniita mbele ya padri, nami nikawa siitiki mpaka unishike bega.

Nilidhani naitetea imani. Kumbe nilikuwa natetea uso wangu mbele ya watu.

Jumapili yako ya mwisho tulikuwa nyuma ya jiko, sufuria iko mchangani. Ukasema, "Kitendawili, Mama Goodness!"

"Tega."

"Wenzake wote wametoka kwenda kwa wageni, yeye kabaki ndani kashika ukuta, hatoki."

Ulikuwa bado umefungua mdomo, lakini mimi nilishakasirika. Asubuhi ileile padri alikuwa amesoma habari za yule kaka mkubwa aliyenuna, akakataa kuingia kwenye karamu ya mdogo wake. Nikajua umenilenga mimi. Nikakukata, "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

Maana ndiyo sheria ya vitendawili: aliyeshindwa hutoa mji, ndipo aambiwe jibu.

"Chukua Mbinga."

"Mbinga ulishanipa tangu uchumba."

"Basi Songea. Na Njombe nakuongeza."

"Ya mbali siitaki. Nipe Miburani."

"Miburani sikupi!"

"Jibu hulitaki?"

"Kaa nalo."

Ulicheka kidogo, ukafunga jani lako, ukakokota baiskeli. "Basi litakusubiri hukohuko," ukasema. Hiyo ilikuwa Jumapili. Jumatano nikabaki na kikombe mkononi.

Nisamehe na hili la pili. Siku ya kukuzika, padri alipoita watoto wa marehemu waje na udongo, alikuja Mathias peke yake. Goodness nilimwona. Alikuwa nyuma kabisa karibu na ua, ananitazama nimwite, mama mkwe wake amemshika mkono. Nikainamisha kichwa kama ninayesali. Sikuwa nasali. Mtoto wako wa kwanza hakukutupia udongo, Baba Goodness, na aliyemnyima ni mimi. Hilo nimelala nalo mwaka mzima.

Sasa sikia lilivyokuja kunitoka. Juzijuzi, nikijiandaa na misa yako ya mwaka, nikasema nifanye jambo moja ulilolipenda. Nikakusanya makombo nikampelekea Mzee Shaabani.

"Ya nini haya, shemeji?"

"Ya kuku wako. Marehemu alikuwa anakuletea kila Jumapili."

Akanitazama, akaegemea mlango kwa kicheko. "Kuku gani? Wangu waliisha kwa kideri, Mathias akiwa darasa la pili! Silvester alikuwa anapita hapa mbio kama mwizi, kikapu kinanukia nazi. Nikimsimamisha anasema, 'Niache, kitapoa.'" Kisha akaacha kucheka. "Wewe kweli hujui kilikokuwa kikienda?"

Nilijua. Nadhani nilijua siku zote.

Jumapili iliyopita nilipanda bodaboda. Sikuwahi kufika kwa mwanangu, ilibidi kijana aulize njia. Nikapiga hodi kwa sauti ambayo mwenyewe sikuisikia. Akatoka Bimkubwa, mama yake Luqmani, akanivuta mkono kama tulioagana jana. "Karibu, karibu. Tulisema utakuja. Silvester alituambia tusichoke."

Goodness akatoka jikoni na mikono mibichi, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Marahaba ya kwanza katika miaka minne! Nikatazama pembeni, nikaliona bomba lako uani. Nikalifungua, nikalifunga. Halivuji hata tone.

"Hili ndilo lililokuwa linaharibika kila Jumapili?"

"Halijawahi kuharibika, mama," akasema, na hapo tukaanza kucheka, na katikati ya kicheko tukawa tunalia, mimi nimeshika koki.

Nilimwambia, "Nilikuona makaburini." Akasema, "Najua, mama. Nilikuona ukiniona." Hakuniambia kwamba si kitu, na nashukuru hakuniambia, kwa sababu ni kitu. Lakini alinimwagia maji nikanawa, akaniwekea mtoto mapajani. Zuena wako, mwenye miaka mitatu, ambaye ulinificha kwamba unamwita mchumba. "Msalimie bibi," mama yake akamwambia. "Huyu ni mke mwenzio." Akaninunia, mume wangu! Sura yangu kabisa.

Dini yangu sijaiacha, na ya kwake sikuisema neno. Jana tulikwenda kaburini pamoja. Alichukua udongo kwa mikono miwili.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Getrude, ambaye sasa akiitwa Mama Goodness anaitika mara ya kwanza. Mwanao Goodness, ambaye ni Arafa, na majina yote mawili nimeyakubali. Mwanao Mathias aliyeko Mtwara. Mkwe wako Luqmani. Mjukuu na mchumba wako Zuena. Bimkubwa wa Miburani. Na rafiki yako Shaabani, asiye na kuku. Maji yakitoka kokote kisiwani hapa, tutakutaja.

Lakini sijakueleza jinsi kitendawili chako kilivyoteguliwa. Ilikuwa palepale jamvini, tumeshakula wali. Nikamwambia Goodness ulichonitegea, na kwamba uliondoka na jibu.

"Kumbe hakukuambia?" akasema. "Mimi alinitegea kila alipokuja. Nipe mji, mama."

"Mji gani tena, mwanangu? Si huu nimeukalia? Chukua Miburani."

Akakaa sawasawa, akaigiza sauti yako. "Nilikwenda Miburani, nikafika salama, nikakaribishwa jamvi, nikapewa maji ya kunawa. Wakaniuliza, wa kwenu wote hawajambo? Nikasema hawajambo, ila mmoja kabaki ndani kashika ukuta, ukimlazimisha kwa kisu anavunjika, ukimkalisha chini ukangoja anatoka mzima. Na huyo ndiye mtamu kuliko wenzake wote."

"Ndiye nani?" nikauliza, maana hata hapo nilidhani ni mimi.

Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kitu cha kahawia, cha duara kama sahani, kimefungwa kwenye jani la mgomba. Akakivunja katikati, nusu akanipa.

"Ukoko, mama," akasema. "Ni ukoko."