Nywele kwa Sinki la Bafu

Alhamisi. Baridi, na mawingu yamekaa chini sana, kama yananisikiliza.

Katika mtaa wote wa Makongeni hakuna bomba limewahi kunishinda.

Sawa, uongo. Hadi jana sikuwa nimefungua hata moja. Marehemu mke wangu Rahabu ndiye alikuwa anashika spana. Mimi nashika tochi na kutoa maoni.

Sinki la bafu limeanza kumeza maji polepole, na kwa sauti. Glo. Kimya. Glo. Kama mtu anakunywa chai moto na hataki kuonekana ana haraka.

Rahabu alikuwa anakunywa hivyo.

Binti yetu Wambui akapiga simu kutoka Ruiru.

"Baba, umeita fundi wa sinki?"

"Fundi ni mimi."

"Wewe? Si hata balbu ilikushinda! Nakuja Jumamosi. Nikipata hiyo nyumba imekulemea, unafunga nguo tunaenda kwangu."

Kwake ni ghorofani. Huko nitakufa nikiangalia chupi za majirani zikikauka.

Basi jana nikaweka ndoo chini, nikafungua lile bomba lililopinda kama shingo ya bata. Nikavuta nywele. Ndefu, nyeupe, zinanukia mafuta ya nazi.

Mimi nina upara, hata nzi huteleza. Naishi peke yangu. Na Rahabu tulimzika mwaka jana.

Tena yeye hakuwahi kuacha unywele kwa sinki. Akichana, anaokota zote anachoma kwa jiko, ati mtu mbaya asizipate akamfanyia mambo. Nilikuwa namcheka sana.

Jana sikucheka. Nilizichoma vile alikuwa anachoma. Nikarudisha bomba, nikafungua mfereji, maji yakaenda mbio. Nikajiita injinia.

Leo asubuhi nikanawa uso.

Glo. Kimya. Glo.

Nikafungua tena. Nywele tena, nyeupe, na zina joto, kama zimetoka kichwani sasa hivi.

Mchungaji akisikia atasema ni shetani. Shetani gani anapaka mafuta ya nazi?

Naogopa kidogo, sikatai. Lakini kinachonitisha zaidi ni Jumamosi.

Rahabu, mkono wako ulipokataa kuinuka, ni nani alikuwa anakuchana kila asubuhi, anakusuka vibaya, na bado anatukanwa? Hiyo nakudai mpaka leo. Sikufukuzi. Jumamosi tu, Wambui akifungua mfereji, acha maji yapite.

Akishaondoka, rudi umalize chai yako.